Kitambaa Cheupe

Kasiani alikuwa mkali, mbishi, na hakujua kusifu. Nayasema haya mapema kwa sababu najijua. Nikianza na wema wake mtadhani namvika kilemba cha ukoka ili na mimi nionekane mwema, na mimi katika habari hii si mwema hata kidogo.

Alikuwa fundi rangi wa magari, Mluguru wa Mgeta, Mkatoliki asiyekosa misa. Miaka mingi alipiga rangi malori katika karakana ya shirika moja la umma hapa Morogoro. Mashirika yalipoanza kupunguza watu naye akapunguzwa, akiwa na miaka hamsini na tatu. Hakulia wala hakulaani. Alisimamisha nguzo sita na mabati kando ya barabara kule Msamvu, akaanza kazi yake mwenyewe. Mimi, Yunusi, mtoto wa mjini, nilikuwa na miaka thelathini na nne, nina mke na watoto watatu, na nilikuwa nanyoosha bodi kwenye gereji ya jirani. Alinitazama nikipiga msasa siku mbili, siku ya tatu akaniambia nihamie kwake. Nikahama.

Kazi yake kubwa ilikuwa rabingi. Kwa asiyejua nieleze. Rangi ya gari ikikaa juani inachoka, inapauka, inashika weupe kama midomo ya mtu aliyefunga siku nzima. Lakini chini ya uchovu huo rangi bado ipo. Fundi anakwangua kile kilichochoka, unene wa ganda la kitunguu tu, na kuacha kilicho hai. Rabingi ni uji mzito wenye chembechembe ndani yake. Kuna ya chembe kubwa, hiyo inakata. Kuna laini, ya kufuta mikwaruzo iliyoachwa na ile ya kwanza. Kisha inakuja polishi, ambayo chembe zake huwezi hata kuzisikia kwa kidole. Mwisho ni nta, na nta haikati kitu, inafunika tu. Wenye magari wengi wanadhani kung'arisha ni kupaka. Kasiani alikuwa akiwajibu kwamba kung'arisha ni kupunguza, na asiyejua kupunguza asiguse gari la mtu.

Atajuaje amepunguza vya kutosha? Hapo ndipo palipokuwa na siri yake, ingawa hakuifanya siri. Ukisugua Peugeot ya bluu, kitambaa kinatoka na bluu. Ukisugua Landrova ya kijani, kitambaa kinakuwa kijani. Kitambaa kikiwa cheupe bado hujafika, sugua. Kikishika rangi, umefika, punguza mkono. Kila mara kitambaa kiliposhika rangi aliniita, hata kama nimelala chini ya gari: "Yunusi! Tazama kitambaa." Nilikuwa natoka, natazama, nasema naam, narudi chini ya gari. Kisha vile vitambaa alivianika kwenye waya mbele ya kibanda, chekundu, kijani, bluu, cha maziwa. Hatukuwa na kibao kingine. Watu walitujua kwa waya ule.

Na rabingi yenyewe alijua kuitengeneza. Ile miaka ya shida, maduka yakiwa na rafu tupu, yeye alichoma pumba za mpunga, akachekecha majivu yake kwa kipande cha kitenge, akayachanganya na mafuta ya taa na mabaki ya mishumaa aliyopewa na mke wake Kristina, aliyekuwa akifagia kanisa. Majivu ya pumba yana ukali wake. Malori ya karakana yao yaling'aa wakati ya wenzao yamepauka. Hata makopo ya nje yalipojaa madukani, kopo lake la majivu halikutoka chini ya benchi.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka wa tisini na tatu nilikwenda Dar kununua misasa na thina ya kuyeyushia rangi. Pale Ilala nilimkuta fundi mmoja anang'arisha gari la Kijapani, yale ya mtumba yaliyokuwa yameanza kumiminika bandarini baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Nikamtania kwamba kitambaa chake ni cheupe, hajafika. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Kaka, hizi siyo zile zenu. Juu ya rangi hapa kuna klia, ni kama kioo. Haina rangi. Unang'arisha kioo, na kitambaa kinabaki cheupe mpaka unamaliza. Ukiona kimeshika rangi, ujue umeshaua."

Nilirudi na maneno yale kama mtu aliyebeba mayai. Basi liliposimama Mikese watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma, mimi nilibaki kitini napanga namna ya kumweleza Mzee Kasiani. Nilitaka mara moja tu nimwambie mimi, "Tazama kitambaa." Nakiri kwamba raha niliyoipata ilikuwa ya kujua kitu asichokijua yeye.

Nilipofika kibandani niliwakuta wateja wanne wamekaa kwenye benchi. Kabla sijatua mzigo, Kasiani alishika kitambaa nilichokuwa nimekitumia kabla ya safari kwenye mlango wa pikapu, akakiinua juu wote wakakiona. "Tazameni," akasema. "Siku nzima amesugua mlango, kitambaa hakina hata doa. Huyu bwana haning'arishii magari. Ananipakia mate." Walicheka wote. Mmoja akasema, "Yunusi Mate!" na jina likanishika hapo hapo. Jioni ile muuza kahawa aliniita hivyo. Kesho yake mke wangu aliniuliza, huku anajizuia kucheka, kwa nini jirani anamwita Mama Mate.

Kasiani alisema kweli, ule mlango nilikuwa nimeulegezea mkono. Lakini nilikasirika. Habari ya klia nikaimeza.

Wiki haikuisha, Alhamisi asubuhi, akaja Catherine. Huyu alikuwa mpwa wa Kasiani, mtoto wa dada yake. Alianza kwa kubeba kabeji kichwani kwenye zile njia za Mgeta, akaja kupakia lori zima hadi Dar. Sasa alikuwa amenunua Corolla ya bluu iliyoiva, mwanamke wa kwanza wa upande wao kumiliki gari. Alikuwa amejaribu kulipandisha nyumbani, na matawi ya njiani yakamchora boneti na milango.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ndilo hili?"

"Ndilo. Padre atalibariki Jumapili baada ya misa, na watu wote watakuwepo. Nataka liwe kama lilivyotoka bandarini. Nimeambiwa nipeleke Dar, nikasema nina mjomba wangu, nikampe nani?"

Kwa Waluguru, mjomba si mtu wa kupita tu. Ukoo unafuata mama, na neno la mjomba ndilo linaloamua mashamba na ndoa. Mjomba kukabidhiwa gari la kwanza la ukoo, tena mbele ya padre na kijiji kizima, lilikuwa jambo zito. Kasiani alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa. Sikuwahi kumwona akinawa kabla ya kazi.

Akaanza na rabingi laini ya dukani. Kitambaa cheupe. Akachukua ile kali, kitambaa bado cheupe. Mikwaruzo ilikuwa imekwisha, boneti linang'aa, mimi naiona kazi imekamilika na mbele yangu yupo mtu anayeona kazi haijaanza. Alisimama, akakigeuza kile kitambaa upande huu na upande huu.

"Yunusi, njoo utazame kitambaa. Mbona haitoi?"

Nikaenda. Nikatazama.

"Wewe umetoka Dar juzi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya kuuliza kweli. "Hukusikia neno lolote juu ya gari hizi?"

Kasiani kumuuliza mtu! Katika miaka ile yote hakuwahi kuniuliza kitu kuhusu rangi. Ningefumbua mdomo tu, habari hii isingekuwepo. Nikamjibu: "Mimi nitajua nini, Mzee? Mimi napaka mate tu."

Alinitazama kidogo. Kisha akainama, akatoa chini ya benchi lile kopo la majivu ya pumba.

Alisugua karibu saa nzima. Mimi nilijitia kazini nyuma ya pikapu, nasikia ule mkwaruzo wa majivu kwenye boneti la Catherine, na kila dakika nilikuwa na nafasi ya kusema, na kila dakika nikasema moyoni ngoja kidogo. Nilitaka aharibu padogo tu, pa kutosha kumshusha. Sikujua kwamba hapana padogo. Ghafla nikasikia akiita kwa furaha, "Imekubali! Yunusi, tazama kitambaa!" Nikatoka. Kitambaa kilikuwa cha bluu. Mzee amekishika mbele ya kifua chake, jasho linamtiririka, anacheka, na mimi nikasema naam, Mzee, na yeye akaenda kukianika kwenye waya.

Alipofuta ule uji, palikuwa na duara la ukubwa wa ungo katikati ya boneti, lisilo na nuru yoyote, kama mtu aliyepaka masizi ya bluu. Akapiga polishi. Halikurudi. Siku ya Ijumaa yote alikuwa juu ya boneti lile, na kila alipozidi kusugua duara lilipanuka. Jumamosi akalipaka nta, likapata mng'ao wa kuazima. Alimwambia Catherine kwamba boneti halijamridhisha na Jumatatu alirudishe. Catherine alikuwa na haraka, hakutazama sana.

Jumapili tulipanda Mgeta pamoja kwenye gari hilo. Kasiani aliniomba nimsindikize. Njiani mvua ya mlimani ilitunyeshea, kisha jua likatoka kali. Tulipofika uwanja wa kanisa ile nta ilikuwa imekwenda zake. Misa ikaisha, watu wakatoka, wakalizunguka gari, na kila jicho likatua kwenye lile duara. Padre aliponyunyizia maji ya baraka, kwingine kote maji yaliviringika yakaanguka, ila pale yalitandaa, pakayanyonya. Mama mmoja akauliza, "Catherine, mbona wamekuuzia gari lenye kovu?"

Catherine alikuwa amesubiri siku ile maisha yake yote, nami namwelewa. Alisema kwa sauti, mbele ya padre, mbele ya wazee wa ukoo: "Si kovu. Mjomba alikuwa amelewa. Nilipokwenda kulichukua nilimsikia harufu."

Harufu ile ilikuwa thina. Thina na gongo vinakaribiana kwa pua ya asiyejua kazi yetu. Kasiani ujanani alikunywa sana, kila mtu alijua, na miaka kumi na miwili kabla ya siku hiyo aliweka nadhiri mbele ya kanisa lile lile kwamba hatagusa tena. Hakugusa. Mimi nilikula naye kila siku, ningeapa kwa Mungu wangu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Alinigeukia. Alinigeukia kwa sababu mimi ndiye shahidi pekee aliyekuwa naye uwanjani pale. Nikatazama viatu vyangu.

Baada ya hapo hakuwa fundi tena. Alikuja Jumatatu, akashika kitambaa, akakiweka. Alikuwa akianza kusugua mlango wa Peugeot, kazi aliyoifanya mara elfu, halafu anasimama katikati, anaitazama mikono yake mbele na nyuma. Alimaliza mwezi akiwa hivyo. Siku ya mwisho alivishusha vitambaa vyote kwenye waya, akavikunja kama nguo za msiba. "Mkono umeniacha, Yunusi," akasema. "Mahali hapa kaa wewe." Akapanda lori la mboga akarudi kwao kulima.

Nikakaa. Nikawa fundi wa magari ya Kijapani, ninayejua kwamba kitambaa kinatakiwa kibaki cheupe. Nilipata jina, lile la Mate likasahaulika, watu wakawa wananiletea magari kutoka Kilosa. Kila sifa niliyopewa ilikuwa yake, na niliipokea.

Miaka saba ikapita hivyo. Mwaka wa elfu mbili waliniletea Landrova kuukuu, ya zamani kweli, ile rangi yake ya kiwandani bila klia. Nikasugua bila kufikiri. Nilipoinua kitambaa kilikuwa kijani kibichi. Mdomo ukanifunguka kuita mtu aje atazame, na hapakuwa na wa kumwita. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia, mtu mzima, mchana, wateja wananitazama. Kesho yake nikadandia lori la mboga lililokuwa linarudi tupu Mgeta.

Nilimkuta Kristina barazani ana kikapu cha vinara vya kanisa, anavisugua kwa majivu ya jikoni, vinatoka na madoa. Kasiani alikuwa ngazi ya chini ya shamba, anamwagilia kabeji. Amekonda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Yunusi. Karibu. Tazama haya mateso," akanionyesha kinara. "Kila Pasaka padre anamwomba Mzee avisugue, maana hakuna anayeweza kama yeye. Anakataa. Anasema ataviharibu. Hata sufuria yangu hataki kuigusa."

Nilishuka shambani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mjini na za watoto. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kati ya kabeji: Ilala, klia, Mate, swali lake na jibu langu. Aliendelea kumwagilia mpaka nilipofika kwenye jibu langu. Hapo akaweka ndoo chini.

"Ulijua kabla sijachukua majivu?"

"Nilijua, Mzee."

"Na kanisani ulijua?"

"Nilijua."

Aliinua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma, kama zamani. "Miaka saba," akasema, "nimeinyima mikono yangu kazi." Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga kwa ile ndoo. Kisha akasema, "Kuniambia mimi hakuniondolei kitu. Nenda kamwambie Catherine kwamba sikulewa. Nataka asikie yeye. Halafu rudi uniambie amesema nini."

Catherine alikuwa na ghala karibu na soko, mwendo wa nusu saa. Nilimkuta anasimamia upakiaji wa karoti, ana malori mawili sasa. Nikamweleza. Alinisikiliza huku anahesabu magunia, akakunja uso kama mtu anayetafuta jina la mwanafunzi mwenzake wa zamani.

"Ile Corolla? Mbona niliiuza mwaka ule ule. Boneti lilikuwa na shida, eh? Na mimi nilisema mjomba amelewa? Sikumbuki kaka yangu. Labda nilisema. Siku ile nilikuwa na mambo mengi." Akamgeukia dereva, akamwambia afunge turubai. "Msalimie mjomba. Mwambie nitapita."

Njia nzima ya kurudi nilitafuta la kusema. Kasiani alikuwa amepanda kutoka shambani, amenawa, amekaa barazani anasubiri, amevaa shati safi. Lile shati ndilo lililonishinda.

"Amesema nini?"

"Amelia, Mzee," nikasema. "Amesema anakuomba radhi."

Alinitazama usoni kwa utulivu, namna alivyokuwa akikitazama kitambaa, akikigeuza upande huu na upande huu.

"Sema tena, Yunusi. Safari hii kweli."

"Hakumbuki, Mzee. Hakumbuki hata kama alisema."

Akatikisa kichwa taratibu. Kristina alikuwa ameacha kusugua, anatusikiliza. Kule chini lori la Catherine lilikuwa linapiga honi kwenye kona.

"Basi tumebaki wawili," Kasiani akasema.

Kisha akanyoosha mkono akachukua kinara kutoka mapajani mwa mke wake. Akachota majivu kwa ncha ya kitambaa, akayatia tone la mafuta, akaanza kusugua, kwanza kwa woga, akisimama na kutazama, kisha mkono ukakolea, ukapata lile duara lake dogo ninalolijua. Shaba ikaanza kutoka. Nilisogea karibu kidogo. Akainua kitambaa, kimeshika weusi wote wa miaka ile, akakitazama mwenyewe, akakikunja ndani kwa ndani akaendelea. Hakuniita nikitazame.